Dusty Baker mjini Houston: kisa cha meneja aliyekabidhiwa timu iliyoaibika

Tarehe 13 Januari 2020 kamishna wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Rob Manfred, alitangaza adhabu dhidi ya klabu ya Houston Astros. Uchunguzi ulikuwa umethibitisha kwamba katika msimu wa 2017, msimu ambao Houston ilitwaa ubingwa, klabu hiyo ilitumia kamera kunasa ishara za siri ambazo mdakaji wa timu pinzani humpa mrushaji wake, kisha watu waliokuwa karibu na benchi wakagonga pipa la taka ili mpigaji ajue ni mpira wa aina gani unaokuja. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 5 na kunyang'anywa nafasi zake za kuchagua chipukizi katika raundi mbili za kwanza kwa miaka miwili. Mkuu wa usajili, Jeff Luhnow, na meneja wa timu, A.J. Hinch, walifungiwa mwaka mzima, na siku hiyo hiyo mmiliki Jim Crane akawafuta kazi wote wawili. Wachezaji hawakuguswa, kwa kuwa walikuwa wamepewa kinga ili waseme walichokijua.

Hali iliyobaki ndiyo kisa chenyewe. Timu ilikuwa na vipaji vya kutosha kutwaa ubingwa tena, ilikuwa inachukiwa karibu kila mji iliokwenda kucheza, haikuwa na meneja, na mazoezi ya maandalizi ya msimu yalikuwa yaanze baada ya mwezi mmoja tu. Kabla ya Januari kwisha, Crane alimwajiri Johnnie B. Baker, anayejulikana kote kwa jina la Dusty, mzee wa miaka 70 ambaye hakuwa ameongoza timu tangu Oktoba 2017. Baker alikuwa na misimu 22 ya umeneja nyuma yake, ushindi wa mechi 1,863, na hakuwa na taji hata moja la ubingwa akiwa meneja. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, na klabu ilibaki na hiari ya kuuongeza kwa mwaka wa pili.

Wengi waliusoma uteuzi huo kama hatua ya kutuliza hasira za watu: jina linaloheshimika limewekwa mbele ya mlango wa nyumba iliyochafuka. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli, na Crane hakuficha kwamba heshima ya Baker ilikuwa na uzito katika uamuzi wake. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi kueleza kilichofuata, kwa sababu timu iliyohitaji sura njema peke yake isingefika nusu fainali mwaka 2020, fainali mwaka 2021, ubingwa mwaka 2022 na nusu fainali tena mwaka 2023. Ninachokusudia kuonyesha hapa ni kwamba Baker alifaulu Houston kwa vitu viwili ambavyo kwa kawaida havitajwi pamoja: ustadi wa kukaa na watu, aliokuwa nao tangu ujana wake uwanjani, na utayari wa kubadilisha namna ya kuwatumia warushaji, jambo lililomgharimu mara mbili kabla hajazeeka.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kujua jambo moja kuhusu cheo hiki. Katika besiboli, meneja ndiye kocha mkuu, nao wanaoitwa makocha ni wasaidizi wake: mmoja hufundisha kupiga, mwingine kurusha, wengine husimama karibu na kituo cha kwanza na cha tatu, kati ya vituo vinne ambavyo mchezaji huvizunguka ili kupata pointi, kuwaelekeza wakimbiaji. Msimu una mechi 162 ndani ya takriban miezi sita, yaani timu hucheza karibu kila siku, na meneja hukaa na watu wale wale muda mrefu kuliko wanavyokaa na familia zao. Mechi yenyewe ina ngwe tisa, na katika kila ngwe timu hupiga hadi wapigaji wake watatu watolewe. Uamuzi mkubwa wa meneja kila usiku ni lini amtoe mrushaji aliyeanza, kwa sababu mchezaji akishatolewa harudi tena katika mechi hiyo. Akimtoa mapema, anawakabidhi mechi warushaji wa akiba ambao huenda usiku huo hawako sawa. Akichelewa, mkono uliochoka unaupeleka mpira mahali ambapo mpigaji anauona vizuri.

Baker alizaliwa tarehe 15 Juni 1949 mjini Riverside, California, na alichaguliwa na Atlanta Braves mwaka 1967 katika raundi ya 26, nafasi ambayo haimpi mtu matumaini makubwa. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19, alikuwa tayari ameonja ligi kuu. Katika timu hiyo alimkuta mpigaji nyota Hank Aaron, na hapo ndipo ninapoona mwanzo halisi wa kazi yake ya ukocha, ingawa ilikuwa bado miaka ishirini kabla hajapewa cheo. Aaron alimlea Baker pamoja na vijana wengine weusi wa timu katika mji wa Kusini uliokuwa bado unajifunza kuishi bila sheria za ubaguzi. Tarehe 8 Aprili 1974, Aaron alipopiga mpira wake wa 715 kuvuka uzio na kuipita rekodi ya Babe Ruth, mpigaji aliyekuwa akisubiri zamu iliyofuata alikuwa Baker. Miezi kabla ya usiku huo Aaron alikuwa akipokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa sababu mtu mweusi alikuwa anakaribia rekodi ya mtu mweupe, na Baker aliona kwa karibu jinsi mtu anavyoweza kwenda kazini kila siku chini ya mzigo wa namna hiyo bila kuwamwagia wenzake uchungu wake.

Kama mchezaji alikuwa mzuri sana, ingawa hakuwa wa daraja la Aaron. Alicheza misimu 19, kuanzia 1968 hadi 1986, akiwa Atlanta, Los Angeles Dodgers, San Francisco Giants na Oakland Athletics. Alifikisha mapigo halali 1,981, yaani yanayomfikisha mpigaji salama kituoni, na 242 kati ya hayo yalivuka uzio. Akiwa na Dodgers alicheza fainali tatu za World Series, za 1977, 1978 na 1981, na ya mwisho alishinda. Tarehe 2 Oktoba 1977, alipopiga mpira wake wa 30 wa msimu kuvuka uzio, mwenzake Glenn Burke alimpokea kwa mkono ulioinuliwa juu, naye Baker akaugonga kwa kiganja chake. Wengi huitaja salamu ile kuwa ya kwanza ya aina yake katika michezo ya Marekani.

Njia ya kutoka uwanjani kwenda kwenye benchi la ufundi haikuwa wazi kwa mchezaji mweusi wa kizazi chake. Frank Robinson alikuwa meneja mweusi wa kwanza wa ligi kuu mwaka 1975 mjini Cleveland, lakini msimu wa 1987 ulianza bila hata meneja mmoja mweusi. Aprili mwaka huo Al Campanis, mkuu wa usajili wa Dodgers, ambaye ndiye aliyemleta Baker Los Angeles, alisema kwenye televisheni kwamba huenda watu weusi hawana kinachohitajika ili kuwa mameneja. Alipoteza kazi ndani ya siku chache. Ni muhimu kuliweka tukio hilo hapa, kwa sababu mwaka uliofuata, 1988, Giants walimchukua Baker kuwa kocha wa kituo cha kwanza, na 1989 akawa kocha wa wapigaji. Alidumu katika kazi hiyo hadi 1992, bila kuwahi kuongoza timu ya ligi kuu, na mwishoni mwa mwaka huo akapewa umeneja.

Msimu wake wa kwanza ni mojawapo ya misimu bora ambayo meneja mgeni amewahi kuwa nayo. Giants walikuwa wameshinda mechi 72 mwaka 1992. Mwaka 1993 walishinda 103. Ni kweli kwamba klabu ilikuwa imemsajili Barry Bonds, na meneja yeyote angefurahi kuanza kazi na mpigaji wa aina hiyo. Lakini Bonds alikuwa mtu mgumu kukaa naye, na Baker, aliyetoka mji mmoja na baba yake, Bobby Bonds, alimjua tangu utotoni na hakuwahi kugeuza ugumu huo kuwa vita ya hadharani. Siku ya mwisho ya msimu Giants walifungwa 12-1 na Dodgers, Atlanta wakamaliza na ushindi 104, na kwa kanuni za wakati ule timu yenye ushindi 103 ikabaki nje ya mtoano. Baker alipewa tuzo ya meneja bora wa mwaka, akaipata tena 1997 na 2000.

Sasa nifike kwenye mechi mbili ambazo kwa miaka ishirini zilikuwa kama hati ya mashtaka dhidi yake. Nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa bila kuzielewa haiwezekani kupima alichokifanya Houston.

Ya kwanza ni mechi ya sita ya fainali ya 2002, tarehe 26 Oktoba mjini Anaheim. Giants walikuwa wakiongoza fainali kwa mechi 3-2. Katika nusu ya pili ya ngwe ya saba walikuwa mbele kwa 5-0, mpigaji mmoja alikuwa ameshatolewa, na walibakiza wanane tu ili wawe mabingwa. Mrushaji wao, Russ Ortiz, aliruhusu mapigo mawili mafupi mfululizo, na Baker akaenda kumtoa. Alipokuwa akiondoka, Baker alimkabidhi mpira kama kumbukumbu ya usiku mkubwa. Mrushaji wa akiba, Félix Rodríguez, akaingia, na Scott Spiezio akampiga mpira uliovuka uzio na kuleta pointi tatu. Katika ngwe ya nane Anaheim wakapata tatu nyingine, wakashinda 6-5, na usiku uliofuata wakatwaa ubingwa kwa 4-1.

Ya pili ni mechi ya sita ya nusu fainali ya 2003 dhidi ya Florida Marlins, tarehe 14 Oktoba mjini Chicago. Baker alikuwa ameondoka San Francisco baada ya mkataba wake kwisha na uhusiano wake na mmiliki kuchakaa, akaenda Chicago Cubs, klabu ambayo haikuwa imetwaa ubingwa tangu 1908 wala kufika fainali tangu 1945. Cubs walikuwa mbele kwa 3-0 katika ngwe ya nane, mmoja akiwa ameshatolewa, wamebakiza watano waingie fainali. Mrushaji alikuwa Mark Prior, kijana wa miaka 23 aliyekuwa tayari amerusha zaidi ya ngwe 211 katika msimu wa kawaida. Juan Pierre wa Marlins alipata pigo la vituo viwili. Mpira wa mpigaji aliyefuata ulielekea ukingoni mwa majukwaa, na watazamaji waliunyoshea mikono kabla Moisés Alou hajaudaka. Mpigaji huyo akapewa kituo cha bure, Iván Rodríguez akaleta pointi ya kwanza, Álex González akashindwa kuudaka mpira wa chini ambao ungeweza kumaliza ngwe, na Derrek Lee akasawazisha. Wakati huo wote Prior alikuwa bado uwanjani. Baker alipokwenda kumtoa, akiwa amerusha mipira 119, matokeo yalikuwa 3-3, na ngwe hiyo iliisha Florida Marlins wakiwa wamepata pointi nane. Usiku uliofuata Cubs walifungwa 9-6.

Jambo linalopaswa kutazamwa kwa utulivu ni kwamba Baker alilaumiwa kwa makosa mawili yanayopingana. Mwaka 2002 ilisemwa kwamba alimtoa mrushaji mapema mno. Mwaka 2003 ikasemwa kwamba alichelewa. Kwa maoni yangu lawama ya kwanza haina msingi wa kutosha. Ortiz alikuwa amerusha mipira 98, wapigaji wawili waliofuatana walikuwa wamempiga vizuri, na Félix Rodríguez alikuwa mmoja wa watu ambao Giants waliwategemea mwaka mzima katika hali ya namna hiyo. Uamuzi ulikuwa sahihi, matokeo yakawa mabaya. Lawama ya pili ina uzito. Baada ya kituo cha bure na pigo la Iván Rodríguez, kila dalili ilionyesha kwamba Prior amefika mwisho, na meneja alikuwa na nafasi mbili za kwenda kumtoa kabla ya pigo la Lee. Hakwenda. Inawezekana kabisa kwamba kumbukumbu ya Ortiz na Félix Rodríguez, iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja, ilimzuia miguu.

Mashtaka hayakuishia usiku ule. Prior na Kerry Wood, nguzo mbili za urushaji wa Cubs, waliandamwa na majeraha miaka iliyofuata, na Prior hakurusha tena katika ligi kuu baada ya 2006. Jina la Baker likawa mfano wa meneja anayechosha mikono ya vijana. Haki inadai kusemwa kwamba Prior pia aligongana vibaya na mchezaji mwingine katikati ya msimu wa 2003 na kupigwa na mpira kwenye kiwiko mwaka 2005, na kwamba hakuna anayeweza kutenganisha kwa uhakika kilichotokana na uchovu na kilichotokana na ajali. Haki hiyo hiyo inadai kukubali kwamba Baker wa Chicago aliwaacha warushaji wake uwanjani kwa muda ambao leo hakuna klabu ingeruhusu.

Cincinnati Reds na Washington Nationals nitazipita haraka. Cincinnati, kuanzia 2008 hadi 2013, aliiongoza timu kushinda kundi lake mara mbili na kuingia mtoano mara tatu, lakini haikushinda raundi hata moja. Mwaka 2012 ilikuwa mbele kwa mechi 2-0 dhidi ya Giants ikafungwa tatu mfululizo nyumbani, wiki chache baada ya Baker mwenyewe kulazwa kwa matatizo ya moyo na kiharusi kidogo. Washington alishinda mechi 95 mwaka 2016 na 97 mwaka 2017, na mara zote mbili timu iliondolewa katika mechi ya tano, ya mwisho, ya raundi ya kwanza. Klabu haikumwongezea mkataba. Alikuwa na miaka 68, na kwa muda wa miaka miwili hakuna klabu iliyompa umeneja, katika kipindi ambacho klabu nyingi zilikuwa zikitafuta mameneja wachanga, wa gharama nafuu, waliozoea kupokea hesabu kutoka ofisini.

Ndipo ikaja Houston. Februari 2020, katika kambi ya West Palm Beach, wachezaji waliomba radhi mbele ya waandishi, na walio wengi nje ya Houston hawakuiona kuwa radhi ya kutosha. Baker hakuhusika kwa lolote na yaliyofanyika 2017, na angeweza kujitenga nayo kila alipoulizwa. Alichagua kusimama pamoja na watu wake. Siku chache baadaye aliitaka ligi hadharani iwalinde wachezaji wa Houston dhidi ya warushaji waliokuwa wakitangaza waziwazi kwamba watawalenga kwa mpira. Jambo hili lilimletea lawama, kwani kwa wengine ilionekana kwamba anawatetea wadanganyifu. Mimi naona alielewa tofauti kati ya kutetea kosa na kumlinda mtu aliyekosa asivunjwe mbavu na mpira unaokwenda zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Hapa ndipo malezi ya Aaron yanapoonekana, ingawa ulinganifu huo una mpaka wake: Aaron aliandamwa bila kosa lolote, na watu wa Houston walikuwa na kosa. Alichokichukua Baker kutoka Atlanta ni ujuzi wa namna ya kuwafanya watu wafanye kazi yao vizuri huku uwanja mzima ukiwazomea.

Msimu huo wa kwanza ulifupishwa na janga la korona hadi mechi 60, bila watazamaji, na Houston ikamaliza na ushindi 29 dhidi ya kufungwa 31. Hata hivyo iliingia mtoano na kufika nusu fainali dhidi ya Tampa Bay Rays, ambako ilifungwa mechi tatu za kwanza. Katika mechi ya nne Baker alitoka benchini akielekea kumtoa Zack Greinke katika wakati wa hatari. Mdakaji Martín Maldonado alimwambia kwamba Greinke bado ana nguvu, wachezaji wa karibu wakaunga mkono, na Baker akarudi benchini peke yake. Greinke aliokoa ngwe ile na Houston ikashinda 4-3. Ilishinda pia mechi mbili zilizofuata kabla ya kufungwa ya saba. Katika historia ya ligi kuu, ni Boston ya 2004 pekee iliyokuwa imewahi kufikisha mechi ya saba baada ya kufungwa tatu za mwanzo. Mtu anaweza kusema kwamba Baker alibahatisha. Lakini meneja asiyesikilizwa naye hasikilizi, na kwa timu iliyokutana na meneja wake miezi minane tu nyuma, mazungumzo yale pale katikati ya uwanja yalikuwa ushahidi kwamba kuaminiana kumeshaota mizizi.

Mwaka 2021 watazamaji walirudi, na kelele za kuzomea zikarudi nao. Houston ilishinda mechi 95, ikawa klabu ya tano tofauti ambayo Baker ameiongoza kushinda kundi lake, jambo ambalo hakuna meneja aliyewahi kulifanya. Ilifika fainali, ikafungwa 4-2 na Atlanta, klabu ile ile iliyomlea.

Mwaka 2022 ndio unaobeba hoja yangu. Tarehe 3 Mei Baker alifikisha ushindi wa 2,000, meneja wa 12 na mtu mweusi wa kwanza kufika hapo. Timu ilikuwa imempoteza Carlos Correa, na nafasi yake akapewa Jeremy Peña, kijana aliyekuwa hajawahi kucheza ligi kuu. Kati ya watu wa 2017 walibaki watano tu: José Altuve, Alex Bregman, Yuli Gurriel, Lance McCullers Jr. na Justin Verlander. Zilikuwepo pia nguvu ambazo Baker hakuwahi kuwa nazo kwingineko, hasa kundi la warushaji wa akiba ambalo katika mtoano wa mwaka huo liliruhusu wastani wa pointi 0.83 kwa kila ngwe tisa.

Fainali dhidi ya Philadelphia Phillies haikuanza kama hadithi ya mtu aliyejifunza. Katika mechi ya kwanza Houston ilikuwa mbele kwa 5-0, Verlander akaanza kupigwa, Baker akamwachia hadi ikawa 5-5, na Phillies wakashinda 6-5 katika ngwe ya kumi. Katika mechi ya tatu alimwacha McCullers apigwe mipira mitano iliyovuka uzio kabla ya kumtoa, na timu ikafungwa 7-0. Waliokumbuka 2003 walikuwa na kila sababu ya kuikumbuka.

Kisha ikaja mechi ya nne, tarehe 2 Novemba. Cristian Javier alirusha ngwe sita bila kuruhusu pigo halali hata moja. Mrushaji aliye katika hali hiyo anakaribia kuingia kwenye historia peke yake, na mameneja wa kizazi cha Baker walifundishwa kwamba mtu wa namna hiyo hatolewi. Javier alikuwa amerusha mipira 97. Baker alimtoa, akawaleta Bryan Abreu, Rafael Montero na Ryan Pressly kwa mfuatano huo, na wanne hao kwa pamoja hawakuruhusu pigo lolote hadi mwisho. Houston ilishinda 5-0. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika misimu yake 26. Angebaki na Javier na mpira ukapigwa, mlango wa Chicago ungefunguliwa tena. Alimtoa, na kama Abreu angepigwa, ungefunguliwa mlango wa Anaheim. Alikuwa na sababu ya kuogopa pande zote mbili, naye akaamua kwa kutazama mkono uliokuwa mbele yake na watu aliokuwa nao akibani.

Mechi ya sita, tarehe 5 Novemba mjini Houston, ililigeuza kabisa jambo la 2002. Phillies walikuwa mbele kwa 1-0 katika ngwe ya sita, wakimbiaji wawili wa Houston wakiwa vituoni, na mrushaji wao hodari Zack Wheeler alikuwa amerusha mipira 70 tu. Meneja wao, Rob Thomson, alimtoa. José Alvarado akaingia, na Yordan Álvarez akaupiga mpira kwa mbali mno kuvuka uzio wa katikati, pointi tatu. Baker naye alimtoa Framber Valdez baada ya ngwe sita nzuri, akawapa warushaji wa akiba ngwe tatu zilizobaki, na hawakuruhusu kitu. Matokeo yalikuwa 4-1, na Peña akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Uamuzi wa Thomson ulikuwa na mantiki ile ile ya Baker wa Anaheim, na ulilaumiwa kwa maneno yale yale. Baker, akiwa na miaka 73, alikuwa meneja mzee kuliko wote waliowahi kutwaa World Series, na mtu mweusi wa tatu baada ya Cito Gaston na Dave Roberts.

Pingamizi zipo, nami sizipuuzi. Timu aliyoipokea ilikuwa imeshajengwa. Luhnow, aliyefukuzwa, ndiye aliyewaleta wengi wa wachezaji hao. Idara ya hesabu ya Houston ilikuwa miongoni mwa bora, na James Click, aliyeshika usajili kuanzia Februari 2020, aliimarisha kundi la akiba. Aidha, mazoea ya Baker ya kuwaamini wakongwe yaliendelea kuzua mabishano hadi mwisho: mwaka 2023 aliendelea kumpanga Maldonado, ambaye alikuwa akipiga vibaya, badala ya kijana Yainer Díaz aliyekuwa akipiga vizuri sana. Wanaosema kwamba uamuzi huo uliigharimu timu wana hoja. Lakini anayehesabu vipaji peke yake anasahau kwamba ni vipaji hivyo hivyo vilivyoweza kuvunjika Februari 2020, kwa kuoneana haya, kwa kulaumiana ni nani aligonga pipa na nani alinyamaza, na kwa kukimbia mji. Hilo halikutokea. Waliobaki walicheza pamoja na wageni kama Peña na Javier, ambao hawakuwa na doa lolote, na hakuna upande uliougeuka mwingine.

Msimu wa 2023 Houston ilishinda mechi 90 na kundi lake, ikafika nusu fainali kwa mara ya saba mfululizo, na ikafungwa katika mechi ya saba na Texas Rangers ya meneja Bruce Bochy. Siku chache baadaye Baker alitangaza kustaafu, akiwa na ushindi 2,183, ambao wakati huo ulikuwa wa saba kwa wingi katika historia ya ligi. Klabu haikutafuta jina kubwa kutoka nje kuziba nafasi yake. Ilimpandisha Joe Espada wa Puerto Rico, mtu ambaye hakuwahi kucheza ligi kuu na ambaye kwa misimu yote minne alikuwa msaidizi wa kwanza wa Baker kwenye benchi. Januari 2024 Baker alirudi San Francisco Giants, klabu iliyompa kazi yake ya kwanza ya ukocha, safari hii akiwa mshauri.